Kitambaa cha Ijumaa Kuu

Ijumaa Kuu ile naikumbuka kama ndoto, mwanangu, na wewe ulikuwemo, umelala mgongoni kwangu. Ukungu ulikuwa haujaachia milima ya Udzungwa, maji yametanda kwenye majaruba yetu ya mpunga pale Michenga, na yangeyange wamesimama weupe katikati ya kijani. Tulitembea Njia ya Msalaba juu ya matuta, tukiimba polepole, na sauti zetu zilirudi kama vile kuna kwaya nyingine chini ya maji.

Katika igizo mimi nilikuwa Veronika, yule wa kumpangusa Yesu uso. Yesu alikuwa Masanja, kijana wa Kisukuma, mtoto wa wafugaji. Sasa sikia. Wiki hiyohiyo ng'ombe wa kwao walikuwa wameingia shambani kwetu na kula mpunga uliokwisha kubeba mimba. Chakula chako hicho, mwanangu. Hasira nilikuwa nayo, sikufichi. Lakini saa ng'ombe wanakula, Masanja alikuwa kanisani, tunafanya naye mazoezi. Hilo nililijua.

Baba yako mdogo, Festo, ndiye alikuwa askari. Fito alipewa ya kuigizia. Akachapa kweli.

"Tembea, mfalme wa ng'ombe!"

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Mwongeze, hata shambani kwangu waliingia!"

Shati likaanza kuloa damu. Masanja huyo, mwenye nguvu za kumlaza dume chini, alikaa kimya, ameukumbatia msalaba. Nikamfikia na kitambaa changu.

"Waambie hukuwepo," nikamnong'oneza. "Mdomo unao wa nini?"

"Nikisema si mimi, dada, watamfuata mdogo wangu. Homa ilimwangusha kulekule malishoni, ng'ombe wakajiendea. Hata sasa hawezi kusimama. Wewe futa tu."

Nikafuta. Halafu nikageuka. Veronika hakupangiwa maneno, lakini siku hiyo alisema.

"Shemeji! Mpunga ulioliwa ni wangu. Huyu alikuwa kanisani na mimi. Unampigia nini?"

Wimbo ukakatika. Wewe mgongoni ukashtuka, ukalia, na bonde zima likawa na sauti yako peke yake. Festo akaitazama ile fito kama hajui imefikaje mkononi mwake. Akaitupa majini, akazunguka nyuma, akainua mkia wa msalaba. Tukaendelea kutembea. Na wakati wa mavuno baba yake Masanja alituletea mpunga wa fidia, kwa mkokoteni uliovutwa na ng'ombe walewale.

Mwanangu, watakuja watu, wengine na Biblia mkononi, wakuambie: Yesu alinyamaza, na wewe nyamaza upigwe. Inanichefua! Yesu hakuinama kwa woga. Uhai wake aliutoa mwenyewe, ili kipigo kisitufikie sisi tuliokuwa nyuma yake. Basi siku ukiinama, jiulize ni nani yuko nyuma yako. Kama hayupo mtu, hapo unaonewa tu; simama, ondoka. Na ukimwona mwenzako ameinama, mfute uso kwanza, kisha ufungue mdomo.

Masihi aliyepigwa akupe moyo laini kwa mnyonge na shingo ngumu kwa mwonevu. Na usingizi wako, popote utakapolala, uwe ule wa mgongoni kwangu kabla sijapiga kelele.