Ombi la Tatu

Darasa lilianza kwa malalamiko ya akina mama. Siku za wiki nilikuwa nikifundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi pale Al Sadd, Doha, na nilikaa mtaa wa Najma, ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi cherehani Mhindi. Ijumaa asubuhi wanawake wa Kikenya na Kitanzania walipenda kupita kwangu kunywa chai, na kila Ijumaa wimbo ulikuwa ule ule: watoto wanasahau Kiswahili. Ukimtuma mtoto anakujibu kwa Kiingereza, tena huku amepandisha mabega. Basi wakaniomba niwafundishe, Kiswahili na adabu pamoja. Sharti lao lilikuwa moja tu. Nusu yetu tulikuwa Wakristo, nusu Waislamu, kwa hiyo nisilete dini ya kuwagawa.

Sasa adabu bila maandiko utaifundishaje? Chuoni nilisomea mambo ya dini, na mhadhiri wetu mmoja alitufundisha jinsi walimu wa Kiyahudi wanavyoisoma Torati, mstari kwa mstari, wakibishana, wakiuliza maswali ambayo kwetu Taita yangekupatia kofi. Nilikuwa nimeyapenda masomo yale kuliko yote. Nikaona hapa pana njia. Haya hayakuwa ya kanisani kwangu wala ya msikitini kwao, na hakuna mtu angesema ninawavuta watoto upande wangu.

Nilipowaambia akina mama, walitazamana juu ya vikombe vyao. Halafu mama mmoja wa Unguja, mke wa mfanyakazi wa mapokezi hotelini, akaweka kikombe chini.

"Nabii Musa, alayhi salaam, si wetu sote?" akasema. "Wafundishe, mwalimu. Ila uwaambie wafunge vinywa wakila."

Watoto walikuwa sita, wa umri ule ambao mtoto anajua kila kitu isipokuwa viatu vyake viko wapi. Niliwaketisha wawili wawili, maana ndivyo wanavyosoma Wayahudi: kila mtu na mwenzake, kifungu kimoja katikati, na kazi yako ni kumpinga mwenzako mpaka nyote wawili muelewe. Zilikuwa kelele tupu. Fundi wa chini aligonga dari yake kwa kipande cha mbao, nami nikampelekea mahamri, tukaelewana. Tuliposoma sheria ya kuacha pembe za shamba bila kuvunwa ili maskini na mgeni wapate, waliniuliza shamba la Doha liko wapi. Wakabishana asubuhi nzima. Mwisho waliamua kwamba pembe za shamba letu ni biskuti za pembeni ya sahani, na tangu siku hiyo mlinzi wa jengo alipata biskuti zake kila Ijumaa, wala hakuwahi kuambiwa kwamba anakula Torati.

Kati ya zile jozi tatu, wasichana wawili ndio waliokuwa roho ya darasa. Mmoja alikuwa binti wa nesi kutoka Nakuru. Nilimpa jina la Wakili, kwa sababu hakuna jambo aliloliacha lipite bila kulikatia rufaa. Wa pili alikuwa binti mkubwa wa yule mama wa Unguja, msichana wa maneno machache, ambaye akimaliza kumsikiliza Wakili kwa robo saa alimwuliza swali moja tu, na Wakili akakwama. Walisoma shule moja na walipanda basi moja. Walikuwa chanda na pete. Niliwapenda wale watoto mapenzi ya waziwazi, mpaka nilijionya.

Ijumaa moja wakaingia kila mtu kivyake. Binti wa Unguja akaenda kukaa upande wa dirishani na kijana mmoja wa Mombasa na mwenzake, wakawa watatu, na Wakili akabaki hana mwenzake. Nesi ndiye aliyenieleza mkasa kwa simu. Baba wa Unguja alikuwa amepoteza kazi, na ikama, kibali chao cha kuishi, ikiisha familia yote ingerudi nyumbani. Binti alimwambia Wakili peke yake, kwa kiapo. Halafu ndani ya basi la shule, wasichana walipokuwa wakipanga timu ya mpira wa wavu ya muhula unaofuata, mmoja akataja jina la binti wa Unguja. Wakili akadakia, "Huyo mtoeni. Wanaenda home for good. Babake hana job."

Hakukusudia ubaya. Jambo lilimjia mdomoni, na mdomo ule haukuwa na breki. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nimewafundisha methali hiyo mwezi uliotangulia, na Wakili ndiye aliyeieleza vizuri kuliko wote.

Familia ilibakiwa na wiki chache tu. Doha watu huondoka hivyo: leo mnakunywa chai pamoja, kesho makochi yao yako chini barabarani yana kibandiko cha bei. Wakiachana na kinyongo, ndio basi. Watoto wa kule hujifunza mapema kutouliza mtu yuko wapi. Sikutaka hawa wawili wajifunze hivyo.

Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata niliweka kando somo nililopanga, nikawafundisha habari za msamaha. Nikawaambia Wayahudi wana siku kuu ya toba, wanafunga na kusali tangu jioni mpaka jioni, na siku hiyo hufuta makosa ya mtu na Mungu wake. Lakini kosa la mtu na mwenzake haliguswi, hata ufunge uzimie, mpaka uende mwenyewe kwa uliyemkosea ukamridhishe. Akikataa, unarudi. Akikataa tena, unarudi mara ya tatu, na mashahidi wako. Akikataa hiyo ya tatu, wewe umetua mzigo, na mkatili sasa ni yeye.

"Hata kwetu ndo hivyo, mwalimu," akasema binti wa Unguja, macho yako kwenye karatasi. "Haki ya mtu mpaka mwenyewe akusamehe."

Nikaenda jikoni kutia maziwa kwenye chai, moyo umetulia, nikidhani nimepanda mbegu. Niliporudi na sinia, Wakili alikuwa amesimama kwenye korido, amepanga watoto watatu ukutani kama mashahidi, na mbele yake binti wa Unguja yuko na kandambili mkononi, anataka kwenda zake.

"Nisamehe," akasema Wakili.

"Sitaki."

"Nisamehe."

"Sitaki mie."

"Nisamehe." Kisha akanigeukia, uso umemng'aa. "Ticha, nimemaliza! Mara tatu, na mashahidi. Sasa makosa ni yake."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Sinia lile sikuliweka mezani, nililitupa, na chai ikaruka mpaka kwenye pazia. Nikamwambia msamaha si kubonyeza kitufe cha lifti. Nikamwambia mengine pia, mpaka fundi wa chini akagonga dari. Wakili akaanza kulia, na alipolia nikaona alikuwa hajui kabisa. Alikuwa ameifuata sheria neno kwa neno kwa sababu alitaka sana ifanye kazi. Hasira ikaniisha pale pale, nikamketisha, nikamfuta uso kwa ncha ya leso yangu.

Nikamkumbusha kitu tulichokuwa tumekisoma zamani. Palikuwa na vyuo viwili vya walimu wa Kiyahudi, vikibishana miaka na miaka, na watu wakafuata kimoja. Kwa nini? Kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wapole, na kabla ya kusema maneno yao wenyewe walianza kusema maneno ya wapinzani wao. "Huwezi kuomba msamaha," nikamwambia, "kama huwezi kusema maneno yake kwanza. Hilo la leo ni ombi moja. Sijahesabu matatu."

Ijumaa ya pili akaja amejiandaa. Akaketi mbele ya mwenzake, mikono magotini.

"Wewe ungesema hivi," akaanza. "Ungesema umekasirika kwa vile nilianika mambo ya babako, watu wakajua hana kazi."

Binti wa Unguja akatikisa kichwa. "Sivyo. Watu wangejua tu. Tungeondoka, wangejua."

"Sasa ni nini?"

Nilijifanya napanga vitabu.

"Mdogo wangu alikuwemo kwenye basi," akasema. "Alikuwa hajui. Baba alisema atamwambia mwenyewe, kidogo kidogo. Akaniambia mimi tu kwa kuwa nishakuwa mkubwa. Yeye kalisikia kwako, karudi nyumbani analia. Baba kaniangalia tu. Hajaniambia neno mpaka leo."

Wakili akainamisha kichwa. Hakuomba siku hiyo. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni akaninong'oneza, "Ticha, hiyo tusiihesabu pia?" Nikamwambia hiyo ihesabu. Ilikuwa ya pili, na ilikuwa nzuri.

Ijumaa ya mwisho hatukusoma. Tulikwenda nyumbani kwao, mimi, nesi na Wakili, kusaidia kufunga mizigo. Nyumba ilikuwa imebaki mkeka na mabomba ya kiyoyozi. Mama yuko jikoni anagawa sufuria, baba yuko sakafuni anafunga boksi kwa kamba, mtu mrefu, mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya kuhama. Nilidhani Wakili ataenda moja kwa moja chumbani kwa rafiki yake. Hakwenda. Akasimama mbele ya baba.

"Shikamoo, baba." Kwao Nakuru watoto hawaamkii hivyo, alijifunzia nyumba hii.

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kusema kitu. Nitaanza na maneno yake, halafu yangu." Akaelekeza kidole chumbani kwa rafiki yake. "Yeye angesema, baba alinipa siri. Nikaibeba peke yangu siku nyingi, ikanilemea, nikamwita rafiki yangu ashike upande mmoja. Hayo ndiyo maneno yake. Sasa yangu. Mimi ndiye niliyeachilia upande wangu. Tafadhali usimnyamazie yeye."

Baba aliacha kamba. Mlangoni binti wake alikuwa amesimama na mdogo wake. Alimtazama Wakili, kisha akamtazama mwanawe.

"Njoo," akamwambia. Binti akaja. Akamshika kichwa, akakilaza kifuani kwenye lile shati la pasi. "Mzigo ule ulikuwa wangu. Sikunyamaza kwa hasira, mama. Nilikuwa naona haya."

Mtoto alilia kilio cha mtu aliyekuwa akikizuia wiki nyingi. Mimi pia nililia, na nesi, ambaye kazini kwake ameona makubwa, akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Baadaye wasichana wakakaa wawili kwenye mkeka, magoti yamegusana, vile walivyokuwa wakikaa kwangu. Wakili akavuta pumzi.

"Sasa," akasema. "Naomba..."

Binti wa Unguja akamziba mdomo kwa kiganja.

"Ya tatu usiiombe hapa," akasema. "Ukiiomba, itakuwa imekwisha. Njoo uiombe kwetu, Unguja."

Wakili alitikisa kichwa kukubali, kiganja bado kiko mdomoni.

Waliondoka wiki ile ile. Darasa liliendelea kwa muda, kisha nesi naye akapata kazi kwingine, kijana wa Mombasa akahama, na mimi nikabaki na sahani ya biskuti na mlinzi wa jengo. Nilikuwa nimezoea kuachwa. Doha ndiyo desturi yake. Lakini nyumba ile ya Najma ilinikalia kimya vibaya, hata nikatamani fundi agonge dari.

Miaka ikapita. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya duka pale Al Sadd, wale wasichana wawili wameshakuwa wanawake, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu. Nikaiweka sikioni.

"Ticha," sauti ikasema, na niliijua kabla haijamaliza neno. "Niko Unguja. Nimeiomba ya tatu."

"Na mie nimemwambia nafikiria kwanza," ikadakia sauti nyingine, ya upole. "Nimemwambia akae kidogo, asiwe na haraka."

Wakaangua kicheko. Nilisimama pale na kikapu changu, machozi yananitiririka, wala sikuona haya mbele ya mtu. Nikaisikiliza tena, na mara hii nikasikia, nyuma ya vicheko vyao, mama yule anawaambia wafunge vinywa wakila.