Mjane wa Dhahabu Niliyemtunga Mwenyewe

Kuna aibu za kusimulia siku hiyohiyo, na kuna aibu ambazo lazima uziache kwanza zikauke kama muhogo juu ya bati ndipo uzishike mkononi. Hii yangu imekauka miaka mingi, na bado nikiigusa inaniunguza masikio. Lakini leo nawasimulia, maana nimeshaisikia mara tatu ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, na kila wakiisimulia mimi nazidi kuwa mjinga.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu kijana kwenye shule moja ya sekondari pale Kahama, suruali zimepigwa pasi mpaka mstari unakata, na jambo langu kubwa la kujivunia lilikuwa moja: nilipelekwa semina Mwanza wiki mbili nikarudi nikiwa mwalimu pekee shuleni aliyewahi kushika kompyuta na kufungua barua pepe. Wenzangu wakitaka habari za intaneti waligeukia kwangu kama waumini wanavyomgeukia padri kumuuliza habari za mbinguni (naye hajafika).

Kompyuta ya kukodi yenye intaneti ilikuwa moja tu mjini, dukani kwa Mzee Hirji, Nyasubi. Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi, na mashine ilikaa nyuma kati ya misumari na makopo ya rangi, imefunikwa kitambaa cheupe kama bibi harusi. Ukienda kusoma barua, Mzee Hirji anafunua kitambaa, anachomeka waya wa simu, mashine inalia kama paka aliyebanwa na mlango, nanyi mnakaa kimya mkisubiri. Aliiendesha mwenyewe kwa sababu hakuwa na imani na mikono ya wateja, kwa hiyo barua yoyote uliyopata yeye aliiona kwanza, na uliyotuma aliichapa yeye.

Basi siku moja nikapata barua ya Kiingereza kutoka kwa mjane wa jenerali fulani wa nchi ya mbali, ana mali kubwa ya mafuta imefungiwa, na katika watu wote waliopo duniani kaniona mimi ndiye wa kumsaidia kuitoa tugawane. Baadaye nikajua ni utapeli (nilijuaje, tutafika huko, msiniharakishe), na wazo likanijia kwamba nianzishe klabu, wanafunzi wajifunze hatari za intaneti kisha wakawaelimishe watu mitaani na vijijini, mapema, kabla mashine hizo hazijaenea. Mkuu wa shule akalipenda. Akasema chanjo hutolewa kabla ya ugonjwa.

Nikapata wanafunzi ishirini, kiongozi wao binti mmoja wa kidato cha tatu aitwaye Kabula, mtoto wa wafugaji, mpole, ambaye akikuuliza swali unajikuta unatafuta chaki ilhali unayo mkononi. Nikawafundisha kwamba neno la siri halipewi hata rafiki, kwamba mtu usiyemjua humpi jina lako kamili wala mahali unapolala, na kwamba mali isiyo na jasho ina mwenyewe. Walielewa. Shida ikawa ile barua yenyewe, kwa sababu jenerali wa mbali na mafuta yake nani Kahama angemjali? Nikaamua kuitafsiri, na katika kuitafsiri, wenzangu, nikanogewa.

Mafuta nikayafanya dhahabu. Jenerali nikamfanya mchimbaji tajiri wa Geita aliyefukiwa ndani ya duara, shimo lake la kuchimbia, na mjane wake amekimbilia ng'ambo kwa kuogopa shemeji zake, lakini mifuko ya dhahabu ameiacha huku huku. Nikaandika, "Nimekuchagua wewe peke yako kwa sababu ya uaminifu wako. Usimwambie mtu yeyote, hata wa nyumbani mwako." Nikaongeza kwamba anayekubali afike kwenye mashine ya intaneti Nyasubi, ataje jina lake na kijiji chake, na alete mfugo mmoja wa kuonyesha nia njema. Hapo kwenye mfugo nilicheka peke yangu, nikasema hakuna binadamu atakayeamini kwamba mama aliyeko ng'ambo anataka mbuzi kupitia kompyuta. Nilipoisoma darasani watoto walicheka mpaka dawati moja likavunjika mguu.

Ni Kabula tu aliyenyoosha mkono.

"Mwalimu, juu hatuandiki kwamba ni mfano?"

Na hapa ndipo mambo yote yalipoanzia, kwenye kaswali hako. Kule semina tulifundishwa kwamba mwalimu bora hatangulizi jibu, humwacha mwanafunzi agundue mwenyewe. Nikamweleza Kabula kwa maneno mazito kwamba tutazigawa Ijumaa bila kusema kitu, watu wakae nazo, wazitafakari, halafu Jumatatu klabu ipite kuwaeleza. Akasema sawa mwalimu, kwa ile sauti ya mtoto anayemwona mkubwa akielekea kwenye tope lakini adabu inamzuia kumshika shati. Tukadurufu nakala sitini. Mkuu aliniamini, hakuomba hata kuiona.

Jumamosi saa nne asubuhi nikaenda kwa Mzee Hirji kuangalia barua zangu. Nikiwa mbali naona baiskeli zimejaa barazani, naona mbuzi wamefungwa kwenye nguzo ya umeme, kuku chini ya mkokoteni, nikadhani gulio limehamishiwa huku. Kumbe nimelihamisha mimi. Ndani watu wamebanana, na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Si waliambiwa wasimwambie mtu? Kila mmoja katoka kwake kwa siri, kaaga kwa uongo, halafu kafika hapo kakuta jirani, shemeji na mwenyekiti wa kitongoji. Wanasalimiana kwa unyonge, mwangaluka, mwangaluka, na ukimuuliza yeyote amefuata nini anasema msumari.

"Mwalimu," Mzee Hirji aliniambia, miwani imemshuka puani, "leo watu hamsini wanataka msumari mmoja mmoja, na wote wanauliza mashine inaamka saa ngapi."

Nikageuka nitoke, na hapo mlangoni nikamwona ng'ombe. Mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na nilimtambua kabla sijamtambua aliyemshika, kwa sababu mtamba yule nilimnunua mimi mnadani, nikamswaga mimi, nikamtoa mahari. Aliyemshika kamba alikuwa Mzee Maganga, baba yake Neema, mchumba wangu. Mzee huyu alifanya kazi ya ulinzi miaka mingi kwenye mgodi wa almasi kule Songwa, kazi yake kuwapekua watu wanapotoka, na hakuna sifa kubwa aliyojipa kuliko hiyo, kwamba hajazaliwa wa kumpitishia kitu.

Nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba huku anatazama pembeni, akasema amemleta mnyama kwa daktari wa mifugo. Kisha akanivuta kando ya mifuko ya saruji.

"Wewe ni msomi," alisema polepole. "Kuna mama mmoja ananisubiri ndani ya hiyo mashine. Nisaidie kumwambia nimefika. Lakini usimwambie mtu."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema mashine imeharibika leo, watu warudi kwao, Jumatatu tuanze upya. Lakini nilimtazama yule mtamba anavyotafuna taratibu, nikaona nikimdanganya mzee huyu mara ya pili sitamwoa binti yake. Nikasema, "Baba, huyo mama hayupo. Barua nimeiandika mimi."

Akanitazama kwa muda mrefu, ule mtazamo wa getini Songwa.

"Umeiandika wewe."

"Ndiyo, baba."

"Basi dhahabu iko kwako."

Hakupaza sauti, ila duka zima lilikuwa limenyamaza, na neno dhahabu halihitaji kupazwa. Wakageuka wote. Nikapanda juu ya mfuko wa saruji nikaanza kueleza habari za klabu, za chanjo, za mwanafunzi kugundua mwenyewe, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini. Nikisema dhahabu hakuna, nasikia wanaambiana ameshaihamisha. Nikisema mjane hayupo, nasikia maskini, amemwua. Kijana mmoja mchimbaji, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akasema kwa utulivu kabisa kwamba mimi si wa kwanza, kwao duarani kila aliyepata husema hajapata. Wanaume wawili wakasogea mlangoni wakasimama hapo, wamekunja mikono. Jasho likanitiririka mpaka kwenye ule mstari wa pasi.

Nikaangaza macho nimpate mtu wa kunitetea, nikamwona Mkuu wangu wa shule anaingia kwa mlango wa nyuma, mwendo wa kunyata, kwapani ana jogoo amefungwa miguu. Macho yetu yakakutana. Akasema amekuja kununua rangi.

Sijui ingeishaje kama Kabula asingefika. Alikuwa anamfuata bibi yake, ambaye alikuwa ametoroka nyumbani alfajiri na mbuzi, akiaga kwamba anakwenda kliniki. Mtoto akaangalia lile kundi, akaniangalia mimi juu ya saruji, hakusema kitu kuhusu ule mfano ambao hatukuuandika (na Mungu ambariki kwa hilo). Akawaamkia wakubwa wote, akawaomba kwa Kisukuma kwamba mwenye barua ya yule mama aiinue. Hakuna aliyeinua. Akamgeukia bibi yake, akamwomba kwa heshima, na bibi baada ya kulalamika kidogo akaitoa kwenye pindo la kanga.

Kabula akausoma mstari mmoja tu, ule wa nimekuchagua wewe peke yako. Kisha akamwomba yule mchimbaji naye asome wa kwake. Mchimbaji akaitoa ndani ya soksi, akasoma, akafika kwenye peke yako, sauti ikamfia. Akamwomba mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akasoma kimyakimya, akaikunja tena. Zikaanza kutoka, kwenye kofia, kwenye mikoba, kwenye sidiria, mpaka duka zima likawa linapepea karatasi.

"Mama huyu ana moyo mpana," Kabula alisema. "Amewachagua peke yenu watu wote hawa."

Aliyeanza kucheka ni bibi yake. Halafu mchimbaji, halafu wale wawili wa mlangoni, na kicheko kikazunguka duka kikaja mpaka kwangu, nami nikacheka kwa kushukuru, nikashuka kwenye saruji nikidhani yamekwisha. Mzee Maganga peke yake hakucheka.

Akaniuliza mbele ya wote mimi nilijuaje kwamba barua za namna hii ni za uongo. Nikajikohoza, nikaanza kusema habari za utafiti. Mzee Hirji akavua miwani.

"Sema kweli, mwalimu. Wewe ulijibu."

Naam. Nilijibu. Na alisimulia yote, bila ubaya, kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa: kwamba nilimpa yule mjane jina langu kamili, la baba yangu na anwani ya shule, kwamba siku tisa mfululizo nilifika kabla hajafungua mlango kuuliza kama mama amejibu, na kwamba niliacha tu alipopigiwa simu na ndugu yake wa Mwanza ambaye amepata barua ileile, neno kwa neno. Hapo angenyamaza ningemshukuru mpaka leo. Lakini akaongeza kwamba nilimwomba yule mama afanye haraka, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa hawajatimia na baba mkwe wangu ni mgumu kama jiwe.

Wanafunzi wangu saba walishafika mlangoni wakati huo. Walisikia vizuri sana.

Watu waliondoka na mifugo yao, na kwa kuona haya kila mmoja alinunua kweli msumari wake. Mkuu alinunua kopo la rangi ya kijani, na sikupata barua ya onyo hata moja, kwa sababu ingebidi aeleze habari za jogoo. Klabu aliikabidhi kwa Kabula na mwalimu wa jiografia, ikaenda vizuri kuliko nilivyoiendesha mimi.

Mzee Maganga aliondoka na mtamba wake bila kuniaga, akaacha neno kwamba nifike kwake Jumapili. Nilikwenda kama anayekwenda kuzikwa. Alinikalisha, akanitaka nimfasirie ile barua ya Kiingereza tangu mwanzo, naye akasikiliza yote, amefumba macho. Nilipomaliza akasema kwamba kule Songwa alitafuta mawe kwenye nywele za watu, kwenye viatu, mpaka kwenye meno, lakini hakuwahi kupekua maneno. Akamwita Neema alete maji ya kunawa. Nikajua nimesamehewa, ingawa habari ya ugumu wa jiwe aliitaja kwenye hotuba ya harusi yetu, na amekuwa akiitaja kila Krismasi tangu hapo.

Nilichojifunza ni kwamba watu wale hawakuja kwa sababu ya ujinga, kama nami sikujibu kwa sababu ya ujinga. Tulichaguliwa. Nani hapendi kuchaguliwa? Kwa hiyo nimeapa, na kiapo hicho nakitimiza mpaka kesho, sitamwonya tena mtu habari za shimo kabla sijamwonyesha tope kwenye suruali yangu mwenyewe.