Panga la Zamani

Miaka hiyo, kesi ya mauaji katika Mahakama Kuu ya Nyeri haikusikilizwa na jaji peke yake. Raia watatu, walioitwa wazee wa baraza, waliketi kando yake, na mwishoni kila mmoja akatoa maoni yake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nilipoitwa. Wenzangu walikuwa mwenye duka na mkulima wa kahawa.

Mshtakiwa alikuwa mfugaji kutoka Mukurweini. Jirani yake alikutwa shambani amekatwa kwa panga. Hakuna aliyeona tendo lenyewe. Shahidi mmoja aliwasikia wakigombania mpaka; mwingine aliona mtu mwenye koti refu akipita gizani, uso hakuuona.

Kisha polisi mmoja, akiulizwa jambo jingine kabisa, akasema, "Huyu tunamjua. Alishafungwa kwa kumkata ndugu yake."

Wakili akaruka kupinga. Jaji akatugeukia. "Hayo msiyatie maanani. Hayamo katika kesi hii."

Tukaitikia kwa vichwa. Lakini nilipomtazama tena mshtakiwa, niliitazama mikono yake.

Tulipoingia chumbani kushauriana, mwenye duka hakuketi. "Mtu ya panga ni mtu ya panga tu."

"Jaji amesema tuyaache hayo," nikamwambia.

"Mwalimu, wewe umeyasahau?"

Sikuwa nimeyasahau. Nikawauliza, tukiyaondoa hayo, ni nani aliyemwona? Mkulima akatazama dirishani. "Ati tumwachilie, halafu akate mwingine?"

Wawili wakasema ana hatia, mimi nikasema hana. Jaji alikubaliana na wale wawili, akamhukumu kunyongwa.

Nje, mwanamume aliyekuwa akimletea mshtakiwa chakula kila siku ya kesi alinisimamisha. Akakunja mkono wa shati. Kovu lilianzia kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja.

"Ni mimi alikata," alisema. "Tulikuwa tumelewa sisi wawili. Alifungwa, akarudi, akanijengea nyumba. Mbona hakuna mtu aliniuliza?"

Nilimwambia pole. Akashusha mkono wa shati, akaenda kumwinua mama yao, aliyekuwa amekaa chini kwenye nyasi.

Rufaa ilikataliwa. Alinyongwa mwaka uliofuata, akazikwa hukohuko gerezani. Nyumbani hawakupewa hata nguo zake.