Kofia ya Uzi Mwembamba

Habari za msiba zilinikuta sokoni, mkono ukiwa ndani ya gunia la maharage. Yule mama mfumaji wa mtaa wa Chanji hapa mjini, ambaye wengi wenu mmevaa masweta yake tangu shule ya msingi, amefariki. Nilimjua kama mteja anavyomjua fundi wake, si zaidi: salamu, vipimo, na ubishi kidogo kuhusu rangi. Hata hivyo niliondoka bila kununua chochote. Nimeumia kuliko nilivyotarajia, na kuna mchana mmoja wa Juni ambao tangu siku hiyo haunitoki kichwani.

Nilikuwa kwake nikisubiri anishonee vifungo. Nje ulivuma ule upepo wetu wa kipupwe, unaopenya hata chini ya mlango. Akaingia bibi mmoja aliyepanda kutoka Kirando kule ziwani, amejitanda vitenge viwili, mkononi ana bunda la uzi wa sufu, mnene na mwekundu. Binti yake aliyeolewa huku juu alikuwa amejifungua kabla ya siku zake. Kesho yake asubuhi wangeruhusiwa kutoka hospitali, na muuguzi alikuwa amesisitiza kwamba mtoto akae kifuani kwa mama yake na kichwa kisikose kofia. Ndugu zetu wa ziwani wakipanda huku wana kosa lao: baridi wanaipiga vita kwa unene. Sweta hulipima kwa uzito mkononi, kama wanavyopima samaki.

“Nifumie kwa huu,” alisema. “Jioni nipeleke.”

“Shikamoo mama. Kichwa chake kikoje?”

Bibi alikunja vidole kama ameshika chungwa. Mfumaji aliuchukua ule uzi mnene, akafuma pindo haraka haraka, akalivisha ngumi yake. Lilishuka lenyewe mpaka kwenye kifundo cha mkono.

“Unaona, mama? Matundu yake makubwa, haukamati. Akilala kofia itateleza, imfunike pua. Na huyu hana nguvu ya kuitoa.” Akafungua kabati, akatoa uzi mwembamba wa rangi ya maziwa.

Bibi alisimama. “Huo si utando wa buibui? Wewe mwenyeji, baridi umeizoea. Mjukuu wangu akifa je?”

“Lawama iwe yangu. Ila kwa huu mnene sifumi.”

Uzi mwembamba hauna haraka. Kofia ambayo kwa uzi mnene ingekwisha kabla ya chai, ilikula mchana wote, huku bibi amesimama mlangoni akilitazama jua. Ilipokaribia kwisha, mfumaji aliivisha ngumi yake tena, akaivua, akaitazama ngozi. Pindo lilikuwa limeacha alama; lingembana mtoto. Akaivuta ncha ya uzi, akaifumua yote. Bibi alianza kulia. Mimi, niseme ukweli, nilimkasirikia mfumaji. Niliona anacheza na uhai wa mtoto kwa ajili ya ufundi wake. Alianza upya. Alipomaliza, giza lilikuwa linaingia. Bibi aliinyakua kofia akaondoka bila kuaga.

Baadaye mfumaji alipata habari kwamba mtoto ananyonya na anaongezeka. Bibi hakurudi kushukuru. Hata ndugu zake waliokuja mjini aliwapeleka kwa wafumaji wa mtaa wa Malangali. Nilimuuliza mfumaji kama siku ile alikuwa na uhakika.

“Uhakika niutoe wapi?” alisema. “Niliogopa, nikakosa usingizi. Lakini ngumi yangu niliiona.”

Siku hizi vijana huleta picha kwenye simu, wakitaka sweta kama lile la pichani. Picha inaonyesha rangi, unene haionyeshi, na fundi asiyetaka kupoteza mteja hufuma tu alicholetewa. Si wafumaji peke yao. Mzazi anamwitikia mwanawe, kiongozi anaitikia umati, nasi waandishi tunamwandikia msomaji kile alichokwisha kukiamini. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nasi tumeugeuza woga huo kuwa adabu. Yule mama alikubali kuchukiwa na bibi ili mjukuu apumue. Tangu tumzike najiuliza, katika miaka yangu yote ya safu hii, ni msomaji gani niliyewahi kukubali anichukie kwa faida yake.