Kasuku wa Fundi Saa

Fundi saa alikuwa mtu wa kuridhika. Miaka thelathini na minane ameketi nyuma ya meza ileile, lenzi jichoni, kibano mkononi. Watoto wote wana kwao, mke wake yu mzima, na magoti yanauma kwa kiasi cha umri tu. Jambo moja lilimnyima raha, naye alilificha kama mtu anavyoficha jino bovu: masikio yalikuwa yanamtupa mkono. Zamani aliinua saa sikioni akajua ugonjwa wake kabla hajaifungua. Siku hizi bado aliinua, kwa ajili ya macho ya wateja, kisha akaifungua na kutazama gurudumu linavyocheza. Aliogopa mkewe akijua atamwambia afunge duka akapumzike. Na bila ile meza, hakujua yeye angekuwa nani.

Jumamosi moja walikwenda kununua kasuku, maana nyumba ilikuwa imepwaya tangu kitinda mimba aondoke. Binti muuzaji akawaamkia, akaweka vizimba viwili juu ya kaunta.

"Hawa ni wa wastani, si wale wakubwa wanaotafuna viti. Huyu wa kijani, tumbo la njano, ni mpole na anajua maneno. Huyu wa rangi ya chungwa anapenda watu kupita kiasi, lakini kelele zake, mama, nisikufiche, majirani watahama."

Mke akamwinamia yule wa kijani, uso ukamnawiri. Fundi akaona asichelewe kukubali.

"Tuchukue huyu," akasema. "Upole una heshima yake."

Mkewe akamtazama. "Mbona humjibu?"

"Nimjibu nani?"

"Kasuku. Amekusalimu mara tatu."

Fundi akageukia kizimba. Mdomo wa ndege ulifunguka ukafungika, na yeye hakusikia kitu. Binti muuzaji, ambaye kwao walimfunza akafunzika, akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya fundi ilikuwa imeishia hapo.

"Umejua lini?" akauliza.

"Mwaka wa pili huu. Unadhani kwa nini nafoka hata nikikuuliza kama utakunywa chai? Dada yako anasema nimekuwa mkali uzeeni. Nimemwacha aseme."

"Na duka?"

"Duka lina nini? Saa zinarudishwa mbovu?"

"Hazirudishwi."

"Basi, Baba Watoto. Fanya kazi yako."

Fundi aliona haya, kisha haya zikampungua, akabaki na furaha tupu. Yule wa chungwa akapiga ukelele wa kupasua paa. Fundi akausikia wote, mwanzo hadi mwisho, akacheka kama mtoto.

Mkewe akamtazama yule wa kijani kwa mara ya mwisho, akamwacha.

"Tupe huyu mpiga kelele," akamwambia binti. "Nimechoka kupiga peke yangu."