Nusu Kidonge na Parachichi Zima

Kiharusi kilimwachia mama kifafa. Vidonge vyake navihesabu mimi, mara mbili: nikivitoa kwenye chupa, na nikivirudisha.

Nilimpeleka hospitali Tukuyu kulalamika. Vidonge vilimlegeza, alisinzia hata akimenya ndizi, kisu mkononi. Daktari, dada mwenye subira, akachora duara. Ngozi ya seli ya ubongo ni mafuta, akasema, na humo vimechomekwa vipokezi, vinavyopokea ujumbe, na vingine dawa.

"Baba, una migomba?"

"Ninayo."

"Basi kipokezi ni kama mti wa kutegemezea mgomba wenye mkungu. Udongo ukilainika sana, mti unalala, ingawa wenyewe ni mzima. Mafuta yakibadilika, kipokezi nacho kinayumba."

"Na parachichi ni mafuta."

"Chakula kizuri ni jambo jema, baba, lakini..."

Sokoni ninakofanya biashara, mtu akishakubali, huwa sisubiri "lakini" yake. Nikambeba mama, tukaondoka.

Nyumbani Ikuti nikaanza: nusu kidonge, parachichi zima, asubuhi na jioni. Mafuta yakikaa sawa, nilijiambia, dawa kidogo itatosha. Siku ya nne mama alichangamka, akamwambia jirani kwamba nimezeeka vibaya. Nikajiona nimepatana na ubongo wenyewe.

Siku ya sita tulikuwa tunakunywa chai. Kikombe kikamponyoka. Macho yakapanda, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kurukaruka. Nikamlaza ubavu, nikahesabu, maana sikujua kingine. Nilipofika mia mbili hesabu ikanipotea. Mimi! Nikaanza tena moja, na bado anatetemeka. Jirani ndiye aliyeleta gari.

Hospitalini nilikiri yote. Daktari hakunifokea, afadhali angefoka.

"Parachichi halijamdhuru, baba. Kilichomdhuru ni ile nusu uliyoitoa. Mafuta ya ubongo huyapangi kwa kijiko. Kama dawa inamlegeza, tunairekebisha mimi na wewe, hapa."

Mama alipozinduka aliniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia. Hakuamini mpaka kesho yake.

Siku hizi kipimo amekipanga daktari. Kila asubuhi naweka kidonge kizima kwenye kiganja cha mama. Nilishamweleza nilichomfanyia, kwa hiyo haniachii bila kuniuliza.

"Umehesabu?"

"Mara mbili, mama."

"Hesabu na ya tatu, mwanangu."

Nahesabu. Anameza, anasema "ndaga", asante yake ya Kinyakyusa, kisha ananyanyua chai. Yangu inapoa mezani. Siinywi mpaka nione kikombe chake kimerudi chini salama.