Mchumba Aliyesimamishwa Getini

Baba mkubwa Piyatilaka hajawahi kushika gongo la kriketi maishani mwake, ila ukimsikiliza utadhani timu ya Sri Lanka haiwezi kucheza yeye akiwa chooni. Na ndivyo anavyoamini hasa. Alistaafu ukarani wa posta, na tangu hapo kazi yake ni kukaa mbele ya televisheni na kuwakataza watu wasijongee.

Sheria yake ni hii: wapigaji wetu wawili wakishazoeana uwanjani, kila mtu nyumbani abaki pale alipo mpaka mmoja wao atolewe. Mwaka jana wawili walielewana wakati mama mkubwa Seela anakuna nazi. Alikaa juu ya mbuzi asubuhi nzima, nazi imekwisha zamani, anakuna kifuu. Watu wa Gampola, mji wetu, wanasema hayo ni mapenzi ya nchi. Mimi naona ni uvivu uliovikwa bendera.

Sasa siku yenyewe. Timu ilikuwa Australia, siku ya tano ya mechi, ndiyo ya mwisho. Kushinda hakukuwezekana tena. Kilichobaki ni wapigaji wetu kuvumilia mpaka saa sita mchana ya kwetu bila kutolewa wote, iwe sare. Siku hiyohiyo familia ya Asela, karani wa ofisi ya maji kule Badulla, ilikuwa inakuja kumposa dada Nilmini, binti wa baba mkubwa. Mnajimu alishatoa saa njema: mchumba avuke kizingiti kabla ya saa nne unusu, la sivyo ndoa haina heri.

Dada Nilmini amepita miaka thelathini, na wachumba wawili walishakuja wakaenda. Huyu alimtaka. Walikuwa wakizungumza kwa simu. "Anaongea polepole," aliniambia. "Nikienda Badulla nitalala mpaka kupambazuke, bila kuamshwa na mtu anayegombana na televisheni." Tangu alfajiri alikuwa amevaa sari yake, anapanga majani ya tambuu kwenye sinia.

Wageni walifika mapema. Mama yake Asela, Bi Kusuma, aliingia kwanza. Asela akainua mguu wa kulia, akaukanyagisha kizingitini, na hapohapo mpigaji wetu akaangushiwa vijiti vyake, akatolewa.

"Toka!" Baba mkubwa alipiga ukelele bila hata kugeuza shingo. "Nani huyo ameingia? Rudi!"

"Baba Nilmini, huyo ndiye mgeni wetu," mama mkubwa akasema.

"Mgeni gani wa kuja na mkosi? Rudi, kijana, rudi mpaka getini!"

Asela akarudi. Mpira uliofuata, mpigaji mpya aliutandika ukatoka nje ya mpaka wa uwanja. Baba mkubwa akajipiga paja. "Mmeona? Hapohapo getini, asisogee hata unyayo!"

"Bwana we, saa njema inapita!" Bi Kusuma alisema. "Mwanangu hajavuka kizingiti!"

"Mama, saa njema ya mtu mmoja na ya nchi nzima, ipi nzito?"

"Mimi sikuja kuposa nchi nzima. Nimekuja kwa binti yako."

"Basi kaa. Hapana, usikae! Simama vilevile ulivyokuwa!"

Na akasimama, mwanamke mwenye malori mawili na sauti ya kuwaamrisha madereva, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Watu wazima wa kwetu ndivyo walivyo. Mjinga mmoja akipaza sauti, wote wanaganda.

Nilmini alikuwa mlango wa jikoni, ameshika chai. Akaitazama saa ya ukutani, kisha akakata katikati ya sebule, mbele ya televisheni kabisa.

"We mtoto! Unanizibia!"

"Nampelekea mgeni chai, Baba."

Nikamfuata na sahani ya vitumbua. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilifurahi.

"Asela, njoo uingie," alimwambia pale getini. "Bado dakika chache. Mimi ndiye ninayekuita."

Yule bwana hakumtazama. Alikuwa amenyoosha shingo kuelekea dirishani. "Wamebaki wangapi?"

"Ingia kwanza."

"Umepita mbele ya televisheni, mpira unachezwa?" Uso ulimbadilika kama aliyeambiwa msiba. "Nilmini, jamani! Mimi soksi hizi sijazivua tangu siku ya kwanza ya mechi. Mzee ana haki. Nikisogea wakatolewa, nitajificha wapi?"

Nilmini akazitazama zile soksi. Zilikuwa nyeupe zamani. Akageuka na chai yake mkononi.

Saa nne unusu ikapita. Bi Kusuma akafuta macho kwa ukingo wa sari. Ilipofika saa sita wawili wetu wa mwisho walikuwa bado uwanjani, ikawa sare. Baba mkubwa akatoka mbio pekupeku, akamkumbatia Asela.

"Mwanangu! Umeiokoa nchi!"

"Tumeiokoa, Baba! Tumeiokoa!" Huyo naye machozi yanamtiririka. Wale waliosimama juani kule Australia wakipigwa mipira ya mbavu, hakuna aliyewataja.

"Binti ni wako," baba mkubwa akasema. "Mnajimu atafute saa nyingine."

"Asitafute," Nilmini akasema. "Simtaki."

"Una wazimu? Kijana kasimama juani asubuhi nzima kwa ajili yetu!"

"Kwa ajili yako, Baba. Mimi nilimwita, akakataa."

Bi Kusuma alivaa kiatu chake, akaondoka bila kuonja kitu. Baba mkubwa hata hakumwona. Alikuwa anawapigia simu wenzake aliofanya nao kazi posta.

Alhamisi ilianza mechi ya pili. Asela alikuja peke yake kwa basi la kwanza, akakuta baba mkubwa amemwekea kiti cha plastiki getini. Nilmini alimpelekea chai, akaiweka chini.

"Simama hapo kidogo," Asela akamwambia, jicho dirishani. "Wameanza kuelewana."

Dada alikuwa ameshaingia ndani.